Uaminifu Usiolipwa
Shabiki wa Parramatta Eels anayeishi Toongabbie, magharibi mwa Sydney, hajaiona timu yake ikitwaa ubingwa wa raga tangu 1986. Imefika fainali mwaka 2001, 2009 na 2022. Mara zote imefungwa. Je, kuendelea kuishabikia ni uadilifu, au ni mazoea yaliyovishwa joho la uadilifu?

Muziki wa roki humtendea kwa uungwana zaidi. Rekodi ya AC/DC, bendi iliyoundwa Sydney mwaka 1973, humpa leo kile kile ilichompa ujanani. Kuipenda hakudai uvumilivu. Timu haiahidi kitu. Wachezaji huondoka, makocha hufukuzwa, hata uwanja hupotea. (Cumberland Oval ulichomwa moto na mashabiki wenyewe mwaka 1981, kwa furaha ya ubingwa wa kwanza!) Anakipenda kipi hasa, kama si wale anaokaa nao jukwaani?

Wapo watakaojibu kwamba ushabiki ni urithi. Dar es Salaam, Yanga na Simba hurithiwa kama jina la ukoo, na anayehama huitwa msaliti. Hoja hiyo ni dhaifu: usaliti hutanguliwa na ahadi, na mtoto hakuahidi lolote. Uaminifu wa shabiki huanza pale anapoweza kuondoka bila lawama, naye Jumatatu, baada ya kipigo kingine, akapanda treni ya kazini na skafu yake ya buluu na manjano shingoni.