Nyumbani Huwa Inakubali

Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, alisoma somo la utangulizi wa programu muhula mzima bila kupoteza alama kwenye kazi za nyumbani. Wenzake wakamwita Profesa. Kazi ikitolewa, yeye ndiye wa kwanza kuituma. Njia yake ilikuwa fupi: swali analiingiza kwenye akili mnemba, jibu likitoka analikopi, anabadilisha majina mawili matatu, anatuma. Programu zilifanya kazi, na mhadhiri mwenye darasa lililofurika hakuwa na nafasi ya kumkalisha kila mmoja amweleze alichoandika.

Siku ya mtihani wa vitendo intaneti ya maabara ilizimwa, simu zikakusanywa. Swali lilikuwa dogo: andika programu ya Python itakayomuuliza mwenye duka bei ya kilo moja ya mchele na idadi ya kilo, kisha imwonyeshe jumla. Aliyejifunza kwa mikono yake hulimaliza kwa mistari mitatu au minne. Profesa aliikumbuka sura ya mistari hiyo, maana alishaiona sana. Akaandika input mara mbili. Idadi ya kilo akaizungushia int, bei akaisahau. Akajaribisha: bei 3000, kilo 3. Skrini ikajibu 300030003000.

Zaidi ya shilingi bilioni mia tatu kwa kilo tatu za mchele.

Mhadhiri aliyekuwa akipita alisimama nyuma yake. "Mwanangu, hii jumla umeipataje?"

"Sijui, Mwalimu. Nyumbani huwa inakubali."

Kilichotokea ni hiki. Kinachoingia kupitia input, Python 3 hukipokea kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Maandishi yakizidishwa kwa namba nzima hurudiwa tu, ndiyo maana 3000 ilijipanga mara tatu mfululizo. Dawa yake ni kuizungushia bei nayo neno int na mabano yake, igeuke namba. Kompyuta haikulalamika kwa sababu kwa upande wake hapakuwa na kosa: ilifanya ilichoambiwa. Kosa linaloleta ujumbe mwekundu ni la heri kwa anayeanza, kwani humtajia hata namba ya mstari. Kosa la kimya halina msaada huo. Hulikamata yule tu anayejua kila mstari unafanya nini, na ujuzi huo huja kwa kukosea hivyohivyo usiku chumbani, ukahangaika mpaka ukaelewa. Saa hizo ndizo kijana alizozikwepa muhula mzima. Akapata sapu, yaani mtihani wa marudio.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya wanafunzi peke yao. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sekunde 40 hivi baadaye ikalipuka angani. Sehemu ya programu yake ilitoka kwa Ariane 4, ambako haikuwahi kuleta tatizo. Lakini roketi mpya ilikwenda kasi zaidi kwa mlalo, na namba iliyotokana na kasi hiyo ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, ambayo haipokei zaidi ya 32,767. Haikuenea, na mfumo wa kuielekeza roketi ukazimika. Walioitengeneza walikuwa mabingwa, ila msimbo wa zamani haukupimwa kwa safari mpya.

Sisemi akili mnemba ipigwe marufuku vyuoni. Ni mwalimu mzuri kwa aliyekwisha kuhangaika mwenyewe, akauliza kwa nini mstari wake umekataa. Nawaomba wahadhiri nao watenge angalau dakika tano za kumsikiliza mwanafunzi akieleza msimbo wake kwa mdomo, hata kama ni kwa kazi moja tu katika muhula.

Nawe uliyejiandikisha somo hili mwaka huu, kabla hujatuma kazi yoyote, fungua ukurasa mtupu uiandike upya bila kuangalia popote. Ukikwama mstari wa pili, usiitume; mfuate mhadhiri wako ofisini ukamwonyeshe ulipokwama, mtihani ukiwa bado mbali.