Je, Kuchora ni Kufikiri?

Mimi si mchoraji. Nilimaliza kidato cha nne bila kugusa somo la sanaa, na tembo wangu unaweza kumwita birika. Natangulia kusema hivyo asije mtu akanidai ufundi. Ninachotaka kusimulia ni kosa nililolifanya kwa maka peni, Jumamosi moja, hapa Mchafukoge.

Kikundi chetu cha waandishi chipukizi hukutana ghorofani, juu ya duka la vitambaa, kwenye mtaa ambao ukiufuata unatokea Mnazi Mmoja. Tupo tisa, siku mbaya tunakuwa watano. Kila mmoja ana riwaya, na hakuna mwenye riwaya iliyokwisha. Siku hiyo tulikuwa tumekwama kabisa. Mwenzetu mmoja aliyewahi kuhudhuria warsha ya vibonzo akatuambia tufunge madaftari. Akagawa karatasi zenye visanduku vinne na sheria zake: dakika tano kila kisanduku, hakuna kufuta, kisha unampa wa kulia kwako aendeleze.

"Msifikirie," akasema. "Mkono ukiacha kuogopa, akili itaufuata."

Mtindo huu hakuubuni yeye. Wafini wa World Comics, akina Leif Packalén, waliueneza Tanzania na kwingineko tangu miaka ya 1990: visanduku vinne, kurasa mbili zilizogandishwa pamoja, unatoa kopi, unabandika ukutani. Anayechora ni mwananchi wa kawaida, siyo fundi. Nathan Mpangala naye, yule wa Kijasti, amewahi kuwashikisha kalamu watoto wanaougua saratani pale Muhimbili. Kwa hiyo sina ugomvi na vibonzo. Mimi mwenyewe nimejifunza kusoma kwa raha kwenye Sani za zamani zilizochakaa, kwa Lodi Lofa na Ndumilakuwili, na hadi leo nasikitika kwamba Philip Ndunguru alikufa mwaka 1986 akiwa kijana bado.

Basi nikachora. Dirishani palionekana watu wa mikokoteni wanaosubiri mizigo ya kuvusha kwenda Kariakoo, nami nikamchukua mmoja wao. Misuli kama magunia, kichwa kama ndimu, kofia ya sufi juani. Aliyefuata akampa mlima wa ugali. Wa tatu akamfanya amtukane dereva wa daladala, wa nne akamlaza chini ya mkokoteni akikoroma. Jamani, tulicheka! Mmoja alitoka nje kukohoa.

Tukatazama na karatasi nyingine. Muhindi wa dukani, tumbo limetangulia. Dada wa mjini, makalio yamejaza kisanduku kizima. Konda, mdomo wazi. Mheshimiwa, tumbo tena. Hapo nikaanza kuona kitu ambacho sikukipenda. Watu tisa tumeachiwa uhuru wote, na kilichotoka ni mizaha ileile ya kijiweni ambayo tumeisikia tangu utotoni. Mkono uliacha kuogopa kweli, lakini akili haikuufuata. Mkono ulifuata njia uliyoikuta imekwishalimwa.

Hata jina la mtaa wetu lenyewe, sisi tunavyolisikia, ni kama kibonzo: mchafu, kaoge! Sijui kama asili yake ni hiyo, ila naujua ule mguno mtu anaoutoa ukimtajia unakotoka.

Karatasi tulizibandika kwenye ngazi. Wiki iliyofuata nikamkuta yule mzee wa mkokoteni amesimama mbele ya ile yangu. Alikuwa amepandisha majora ya vitambaa.

"Dogo, huyu nani?"

"Mtu tu, mzee."

"Mbona kofia yangu?"

Nikazuga kwa kucheka. Yeye hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akaniomba kalamu, akageuza tangazo la zamani lililokuwa pale, akaliegemeza ukutani. Akanichora mimi. Shingo ndefu, miwani mikubwa kama sahani, daftari limeelea hewani kifuani. Mikono hamna.

"Mikono nimeisahau," akasema, akanirudishia kalamu, akashuka.

Sikujua, na mpaka leo sijui, kama aliisahau kweli.

Nilipowasimulia wenzangu tukabishana hadi magharibi. Mmoja akaniambia: "Wewe ukianza kumwomba ruhusa kila unayemchora, utachora vikombe tu. Masoud Kipanya anaomba ruhusa kwa nani? Gado je, anampigia rais simu?" Hoja nzito hiyo. Nikajibu kwamba rais ana wasemaji, ana magazeti, ana polisi na sheria. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilipoondoka ikaja ya Huduma za Habari ya 2016. Ukimchora anaweza kukujibu, tena kwa nguvu kuliko yako. Mtu wa mkokoteni atajibu wapi?

"Na Muhindi je?" akauliza dada mmoja, maana aliyetupa chumba bure ni yule mwenye duka, na kila siku anapita kwenye ngazi zilezile, analiona lile tumbo. Ana fedha kutuzidi, lakini ni jirani. Hapo nikakosa jibu.

Kuna jambo ambalo sikulisema siku ile kwa kuogopa kuonekana nakuza mambo. Nchini Rwanda gazeti la Kangura lilichapisha vibonzo bega kwa bega na makala za chuki. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimhukumu mhariri wake, Hassan Ngeze, kifungo cha maisha, na mwaka 2007 kikapunguzwa kuwa miaka 35. Silinganishi karatasi zetu na yale, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba mikono iliyochora vile nayo haikuwa na woga.

Mtaniuliza, sasa tuache? Mimi sikubali. Bila ile karatasi nisingejua kwamba nimebeba kichwa cha ndimu ndani yangu. Kwenye maandishi ningekificha kwa Kiswahili kizuri, na nyie mngenisifu. Kibonzo kinalitoa wazo bovu nje haraka, mtu akaliona. Ila sisi tulisimamia kwenye kicheko, tukabandika, tukaenda kunywa chai. Nilichokipendekeza, na bado hatujakubaliana, ni kwamba karatasi izunguke mara ya pili, na safari hiyo imfikie hata mtu mmoja ambaye si wa kikundi, apewe kisanduku cha tano. Wawili wamesema nitaua utani. Pengine.

Ile picha yangu isiyo na mikono nimeitia kwenye daftari la riwaya, sura ya tatu. Katika sura hiyo kuna mtu wa mkokoteni. Anapita mara nne, anamwaga nyanya, watu wanacheka, anaondoka. Sikuwa nimempa jina. Juzi nimeshuka chini kumuuliza mzee la kwake, akanijibu kwanza nimshikie mkokoteni, una pancha.