Hisani kwa Mali ya Jirani

Hisani ni sifa njema, lakini ina sharti moja: mtoaji atoe kilicho chake. Atoaye mali ya mwenziwe si karimu, hata kama kitu alichotoa kimeleta manufaa makubwa. Sharti hili ni jepesi kulisema. Uzito wake huonekana katika jambo la wanyama wa mwitu.

Msafiri atakaye kuupima uzito huo na aondoke Moshi. Kwanza apande Mweka, penye migomba na mibuni ya ubavu wa kusini wa Kilimanjaro. Hapo pana Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, kilichoanzishwa mwaka 1963, ambapo vijana wa nchi nyingi za Afrika wamejifunza kuwalinda wanyama. Kisha ateremke, ashike barabara ya Arusha mpaka Boma Ng'ombe, ageuke kulia hadi Sanya Juu, apite Ngarenairobi, afike Enduimet. Hii ni hifadhi ya jamii, na ndani yake umo ushoroba wa Kitendeni, njia ya ndovu baina ya msitu wa Kilimanjaro na Amboseli ya Kenya. Mwanzo wa safari pana elimu, mwisho wake pana ndovu, na katikati pana mashamba ya watu.

Septemba 1961, mjini Arusha, Julius Nyerere alitoa tamko lililowahesabu wanyama wa mwitu kuwa amana kwa vizazi vijavyo. Neno hilo lilikuwa la haki. Lakini kila amana ina gharama ya kuitunza, na ndovu hasomi mpaka. Usiku mmoja humtosha kumaliza mahindi ya msimu mzima. Mgeni humsifu ndovu mchana. Mkulima hukesha usiku akipiga madebe.

Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa walioathirika. Malipo ya mazao huitwa kifuta jasho. Ya jeraha au kifo huitwa kifuta machozi. Majina haya yana huruma, ila yatazamwe vema. Fidia ni jina la deni. Kifuta jasho ni jina la hisani. Mdeni hulipa kwa kadiri ya hasara. Mfadhili hutoa kwa kadiri apendavyo, na apokeaye hana budi kushukuru. Je, taifa ni mdeni wa mkulima au mfadhili wake?

Yamkini mtu atasema kuwa hasara ya ndovu ni kama ya mvua ya mawe, haina wa kulaumiwa. Mfano huo haufai. Mvua ya mawe hailindwi na sheria, wala haiwavuti wageni wenye fedha. Ndovu sheria humlinda, nayo humzuia mkulima kumwua. Aufungaye mkono wa mtu asijikinge amejitwika hasara impatayo mtu huyo.

Wengine watasema mkulima amelima katika mapito ya ndovu. Pengine ni kweli kwa baadhi. Lakini wanavijiji wa Enduimet walitenga ardhi yao wenyewe ili wanyama wapate pa kuishi na kupita. Hao walitoa kilicho chao, na hisani yao imetimiza sharti.

Basi ndovu na aishi, na Mweka iendelee kufundisha. Bali jina la malipo lirekebishwe, na kipimo chake kilifuate jina. Mfadhili wa ndovu ni mkulima. Sisi wengine tu wadeni wake.