Hesabu Ianzie Mwilini



Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo hana budi kukaa kwanza apige hesabu, asije akaweka msingi kisha akakwama, na wapita njia wakamcheka. Nimeurudia mfano huo wiki hii kwa ajili ya vijana wetu wanaotafuta pikipiki iliyotumika ili waanze kushindana. Wazazi wao wameniomba niwakataze. Sitawakataza, lakini nataka tupige hesabu pamoja.

Hamu yenyewe si dhambi. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwatolea mfano wanariadha na jinsi wanavyojinyima. Kinachonitisha ni pale hamu hiyo inapokosa uwanja. Hapa Unguja, barabara ya Bububu jioni ya sikukuu si uwanja. Wala ile ya Jozani, iliyowekewa matuta kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga kima punju. Tuliwahurumia wanyama wale, na tulifanya vyema. Watoto wetu nao wanastahili huruma hiyo. Mashindano ya klabu yana njia iliyofungwa, washika bendera, gari la wagonjwa, na kila mtu hupangwa na wa kiwango chake. Kwa majirani zetu utayakuta Garuga, karibu na Entebbe, au Jamhuri kule Nairobi. Kwa hiyo kijana wa Unguja aweke boti ya kuvukia Dar es Salaam, na safari inayofuata, kwenye hesabu yake tangu siku ya kwanza.

Tuje kwenye pikipiki. Nawasihi msianze na kubwa. Daraja la juu la motokrosi hutumia injini za cc 450, zenye nguvu ya kumrusha asiyezizoea kabla hajajua amekosea wapi. Anayeanza inamtosha ya cc 125. Nyingi kati ya hizo ni za kuchanganya oili na petroli, na hapo sisi watu wa visiwani tuna bahati: mafundi wetu wamezijua injini za aina hiyo miaka mingi, kwenye Vespa za zamani na kwenye mashine za boti za wavuvi. Kubadilisha pistoni na ringi zake ni kazi wanayoiweza. Injini ya mashindano isiyochanganya oili ina valvu na vikorokoro vingi zaidi kichwani, na ikivunjika inaweza kula fedha inayokaribia bei uliyoinunulia.

Jueni pia kwamba umri wa pikipiki ya mashindano huhesabiwa kwa saa za injini, wala si kwa kilomita. Nyingi hazina hata kisomeo cha kilomita. Muulizeni muuzaji pistoni ilibadilishwa lini, baada ya saa ngapi, na nani aliifungua. Fikeni injini ikiwa baridi, muiguse kwa mkono kabla haijawashwa; ikiwa tayari ina joto, ulizeni kwa nini. Oili ya gia ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Tazameni meno ya sproketi kama yamechongoka, tikiseni gurudumu kusikiliza beringi, bonyezeni shokapu za mbele muone kama zinavuja. Kisha tafuteni chumvi. Pikipiki iliyokimbizwa ufukweni, Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa, hung'aa ikioshwa, huku kutu ikiendelea kula spoku, viungio vya nyaya na ndani ya fremu. Namba ya injini na ya fremu zilingane na karatasi. Bei ikiwa ndogo mno na karatasi hakuna, ondokeni, kwa maana huenda kuna mtu mahali fulani anaililia pikipiki yake.

Na mnunuzi naye asiseme uongo. Mithali, sura ya 20, inamtaja mtu anayekiponda kitu mbele ya mwenye nacho, kisha akienda zake anajisifu. Tumeizoea tabia hiyo sokoni hata tunaiita ujanja. Mwambie muuzaji kasoro uliyoiona kweli, si uliyoitunga ili umpunguze bei.

Sasa jambo linalonikaa moyoni kuliko yote. Kila ninapowasikia vijana wakipanga fedha zao, pikipiki inachukua zote, na helmeti inasubiri kitakachobaki. Igeuzeni hesabu hiyo. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti nyingi za ajali za pikipiki, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Pikipiki iliyotumika mtu anaweza kuinunua kwa amani. Helmeti iliyotumika msinunue, kwa sababu ikishagonga mara moja povu lake la ndani limekwisha kubonyea na kufanya kazi yake, hata kama nje haina mchubuko. Helmeti mpya, buti ndefu, glavu na kinga ya kifua vilipiwe kwanza. Kitakachobaki ndicho kitafutiwe pikipiki, hata kama ni lazima kusubiri mwaka mwingine.

Nasema haya nikiwa padri wa mji huu. Kanisa Kuu la Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash. Hapo mnunuzi alimkagua mwanadamu meno na viungo, kisha akamtilia bei. Askofu Edward Steere akajenga altare mahali hapo. Paulo anatufundisha kwamba miili yetu ni hekalu, na kwamba sisi tumekwisha kununuliwa kwa gharama kubwa. Anayesali Mkunazini anawezaje kuuweka mwili wake wa mwisho kwenye orodha, chini ya injini na tairi?

Wazazi, nendeni nao kukagua. Mchukueni fundi mnayemwamini, awe wa kanisani au wa msikitini, mradi ni mkweli na anaijua kazi. Baba au mama anayesimama pale wakati injini inawashwa ana neno la kusema ambalo halisikiki akiwa amebaki nyumbani amenuna. Na risiti ya helmeti iwe mkononi kabla ya siku hiyo.