Kitu na Mahali Pake

Kwenye hamamu za Kidichi, alizozijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Binte Irich Mirza, mjukuu wa Shah wa Uajemi, maua na ndege wa lipu wangali ukutani. Ni sanaa ya kigeni, lakini hakuna aliyeitia kashani akaondoka nayo, kwani imeshikana na ukuta wa Unguja. Vyombo vya kaure kutoka China, ambavyo navyo vilivuka bahari kuja pwani yetu, havikupata hifadhi kama hiyo. Bakuli huchukulika, na kwa hiyo linatulazimisha tuulize: thamani ya kitu imo ndani yake, au imo katika mahali kilipo na kwa watu kinaoishi nao? Nashikilia kwamba sehemu kubwa imo mahali. Anayekibeba kitu bila ya mahali pake amebeba ganda, kiini amekiacha.

Tuanze na namna Waswahili walivyoishi na kaure. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi waliileta kwa karne nyingi, na wenyeji hawakuitumia kulia chakula tu. Katika nyumba za mawe ilipangwa kwenye zidaka za ukutani. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni, si mbali na Kidichi, ameieleza desturi ya kupamba kuta hivyo katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886. Kwenye makaburi ya kale, kama yale ya Kunduchi, fundi aliliweka bakuli zima ndani ya chokaa mbichi, mdomo ukielekea nje, ili rangi yake ing'ae machoni pa mpita njia. Pale bakuli halikuwa tena bidhaa ya China. Lilikuwa neno la heshima kwa maiti na ushahidi wa hadhi ya ukoo wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: chombo kilikuja kigeni, kikapewa kazi, kikawa cha hapa.

Mkusanyaji wa Magharibi alikiendea chombo hichohicho kwa swali jengine. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikusanya kaure za kale za kijani zilizopatikana huku, na wataalamu wa Ulaya wakazijadili kama habari za ufundi wa China. Huko China kwenyewe mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliipora kasri ya Yuanmingyuan karibu na Beijing, kisha Lord Elgin, mjumbe wa Uingereza, akaamuru ichomwe moto. Ununuzi, zawadi na uporaji si kitu kimoja, na ni dhulma kuvichanganya. Hata hivyo, njia zote tatu ziliishia kwenye kabati la kioo ambamo bakuli huulizwa limetengenezwa lini na wapi, wala haliulizwi lilimfaa nani.

Atakayepinga atasema Waswahili nao walikuwa wakusanyaji: kidaka kilichojaa kaure ni majivuno tu. Majivuno yalikuwepo, siyakatai. Lakini mwenye nyumba alijivuna mbele ya wageni na jirani zake, watu walioijua maana ya kile walichokiona. Kidaka kilikuwa sehemu ya mazungumzo ya mji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bila ya wakusanyaji, vingi vingepotea, na tusingeijua historia yetu. Ni kweli kwamba makumbusho yameokoa vitu. Lakini tuangalie elimu yenyewe imetoka wapi. Mwaka 1945, Kajengwa karibu na Makunduchi, zilifukuliwa sarafu za Kichina zaidi ya 170, nyingi za enzi ya Song. Sarafu moja ya Song iliyoko dukani London haisemi lolote juu ya Unguja. Lundo lililokutwa pamoja katika ardhi ya Kajengwa linasema mengi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960, vigae vya kaure vilimsaidia kukadiria umri wa majengo kwa sababu aliandika kila kigae kimetoka tabaka gani. Kwa hiyo hoja ya elimu inaniunga mkono: mahali ndipo palipofundisha.

Makaburi mengi ya pwani leo hayana mabakuli yake. Limebaki shimo la duara kwenye chokaa. Kila bakuli lililobanduliwa limevunja vitu viwili, kaburi na habari. Basi makumbusho ya nje yenye kaure kutoka pwani hii yaandike kwanza jina la kaburi, mtaa au kisiwa ilikotoka, kisha jina la tanuri la China. Na sisi wenyeji, tukiokota kigae shambani, tusikiondoe kabla ya kuwaita wanaojua kuandika kimelala wapi.