Daraja Lililofaulu Ukaguzi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini yupo aliye hatari kuliko mzembe asiyeziba: ni yule anayetumwa kuukagua ufa, akaandika kwamba hauna neno, watu wakaendelea kupita kwa imani. Kisa cha Mumbai, India, kinamhusu huyo, na kila aliyepewa dhamana ya njia za watu anapaswa kukijua.

Stesheni kuu ya Mumbai, ambayo leo inaitwa Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, ilianza kujengwa mwaka 1878 kwa michoro ya msanifu Frederick William Stevens. Kazi ilichukua takriban miaka kumi. Juu ya kuba lake imesimama sanamu ya mwanamke anayewakilisha Maendeleo. Mwaka 2004 UNESCO iliiingiza stesheni hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo kila jiwe lake lina wa kulitetea.

Ila abiria hafiki kwenye kuba. Treni za mjini Mumbai zilikuwa zikibeba zaidi ya watu milioni 7 kwa siku, na wengi wao hutoka stesheni kwa miguu. Kando ya stesheni hii pana barabara ya Dadabhai Naoroji, ambayo magari yake hayakatiki. Ili kuivuka, watu walipanda daraja lao la waenda kwa miguu, lililojulikana kama daraja la Himalaya. Makarani, wachuuzi na wagonjwa walipita hapo asubuhi na jioni. Daraja hilo halikuwa na sanamu wala sifa, wala hakuna mtalii aliyelipiga picha kwa kuvutiwa nalo.

Onyo halikukosekana. Septemba 29, 2017, katika stesheni nyingine ya jiji hilo iliyoitwa Elphinstone Road, mvua iliwafanya abiria wajazane kwenye daraja jembamba. Wakasukumana, wakakanyagana, na watu 23 wakafa. Malalamiko kwamba njia ile ilikuwa finyu yalikuwa ya siku nyingi. Baada ya maafa jeshi likaitwa kujenga daraja jipya, na Februari 2018 likafunguliwa. Kumbe iliwezekana kwa miezi michache tu! Julai mwaka huohuo, huko Andheri, sehemu ya waenda kwa miguu ya daraja la barabara ikaanguka juu ya reli.

Baada ya mishtuko hiyo, neno ukaguzi likawa midomoni mwa kila kiongozi. Daraja la Himalaya nalo lilikuwa limekaguliwa, na ripoti ya mwaka 2018 ikasema kwamba lilifaa kutumika na lilihitaji matengenezo madogo tu. Karatasi ikafungiwa kwenye faili, na watu wakaendelea kupita.

Machi 14, 2019, mnamo saa moja na nusu jioni, wakati watu wanarejea makwao, sakafu ya zege ya daraja hilo ilikatika na kuanguka barabarani pamoja na waliokuwa juu yake. Usiku ule walihesabiwa maiti 6, na majeruhi walikuwa zaidi ya 30. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wauguzi 3 waliokuwa wakielekea zamu ya usiku katika hospitali iliyo jirani. Walioshuhudia walisema kwamba taa nyekundu ilikuwa imeyazuia magari hatua chache tu kutoka hapo. Vinginevyo vifo vingekuwa vingi zaidi.

Kabla kifusi hakijaondolewa, yalizuka mabishano: daraja ni la nani? Wa reli wakasema ni la Manispaa. Kwa upande wa jiji wakawapo waliosema ni la reli. Baadaye ikathibitika kuwa ni la Manispaa. Uchunguzi wake wa awali ukaeleza kwamba ukaguzi ule ulifanywa bila uangalifu, na kwamba ungefanywa ipasavyo maafa yangeweza kuepukika. Mkaguzi akakamatwa, na baadhi ya wahandisi wa Manispaa nao wakakamatwa. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 2023. Kwa miaka minne hiyo, waliokuwa wakipita juu iliwabidi kukatiza barabara katikati ya magari.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo, na ilikuwa mikononi mwa watu wenye vyeo na mishahara.

Funzo la kwanza ni kwamba stesheni haiishii mlangoni. Ngazi, kivuko, njia ya chini na daraja la kuifikia ni sehemu ya stesheni, na vinastahili ulinzi uleule unaopewa kuba na sanamu. Jiji linalotunza mawe ya kale huku likimwacha abiria apite juu ya chuma kilicholiwa na kutu limekosea hesabu ya thamani.

Funzo la pili ni kwamba njia yenye wenyewe wawili haina mwenyewe. Kila daraja la waenda kwa miguu liwekewe kibao kinachotaja mamlaka inayolimiliki, tarehe ya ukaguzi wa mwisho na simu ya kutoa taarifa. Jibu la swali la mwenye mali lijulikane wakati daraja lingali limesimama.

Mhandisi, usitie sahihi kabla hujashuka chini ya daraja ukagusa nguzo na mihimili kwa mkono wako. Diwani, usingoje mazishi ndipo uulize bajeti. Nawe msomaji unayepita juu ya madaraja haya kila siku, ukiona zege linabanduka au chuma kinachungulia, andika barua, ipeleke kwa wahusika na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Uhai wa mtembea kwa miguu haulindwi na cheti. Unalindwa na kazi iliyofanywa kweli.