Nani Anabeba Kilichoondolewa?

Ingia chumba cha hoteli ya kisasa pale katikati ya tao. Kitanda, ukuta mweupe, taa moja, vigingi viwili vya mbao vya kutundikia koti. Kabati hakuna. Vitu ni vichache, ingawa bei haijui uchache. Tunaambiwa ukiondoa vitu, roho inatulia.

Sawa. Lakini msee wa Dandora lazima aulize: vilienda wapi?

Mashuka yako stoo, birika liko jikoni, na kuna mtu anangoja simu avilete. Mgeni hana vitu kwa sababu ana watu. Na anachoacha kwenye pipa kinapakiwa kwenye lori. Malori mengi ya taka ya Nairobi huishia jaa la Dandora, linalotumika tangu miaka ya 1970.

Huku kwetu, keja ya chumba kimoja imejaa. Kuna mitungi ya maji, maana bomba hukauka. Kuna masanduku chini ya kitanda, na pazia linalotenga jiko na mahali pa kulala. Huo si ulafi. Ndoo ya ziada ni bima. Anayetupa kitu kirahisi ni yule anayejua atanunua kingine.

Na usidhani hatujui uchache. Dandora ilianza hivyo. Mradi wa Baraza la Jiji na Benki ya Dunia, ulioanza 1975, ulipanga ploti kama 6,000. Wengi walipewa ardhi, choo, bafu na bomba. Vyumba ukajijengea pole pole. Uchache huo ulikuwa mwanzo, na nafasi ya kuongeza iliachwa makusudi.

Basi sikatai uzuri wa chumba kitupu. Anayelala na watu sita chumba kimoja anajua utamu wa nafasi kuliko yeyote. Ninachokataa ni kuuita wema. Kuacha kitu ni wema ukibaki kweli bila hicho kitu. Kama kuna mwingine anakuhifadhia, anakufulia, anakichambua kwenye moshi wa jaa, vitu havijapungua, vimehamia kwake.

Hoteli ikitaka sifa ya uchache, ianzie mlango wa nyuma: itenganishe taka zake, na imlipe vizuri anayezibeba. Halafu ndio tuongee kuhusu ukuta mweupe.